Protini zinazolinda seli za ndani ya jino: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ulianza na maswali ya wanafunzi wa biolojia ya kinywa. Baadaye wagonjwa wakaongeza yao, na ya wagonjwa mara nyingi ndiyo magumu zaidi kuyajibu. Yote yanahusu jinsi seli za ndani ya jino zinavyojilinda dhidi ya metali za maziba na sumu za bakteria. Nimeyachanganya bila kuyapanga kwa ngazi. Ukitaka kiini cha jambo lenyewe, ruka moja kwa moja hadi swali la inflamesheni na metali.

Palpi ya jino ni nini hasa?

Ni nyama laini iliyo katikati ya jino. Wengi huiita "mshipa", kama mtu anavyosema "jino limetoboka mpaka kwenye mshipa". Kwa kweli si mshipa mmoja. Mle ndani mna mishipa midogo ya damu, nyuzi za fahamu, seli za kinga na faibroblasti zinazoshikilia tishu. Ukingoni imejipanga safu ya odontoblasti, ambazo ndizo zinazojenga dentini, tabaka gumu lililo chini ya enameli, ganda la nje la jino. Zimo pia seli shina, zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ambazo zinaweza kugeuka kuwa wajenzi wapya pale odontoblasti zinapokufa.

Vyote hivyo vimejaa katika tone dogo. Kwa wastani palpi ya jino moja la mtu mzima ni takriban mililita 0.02. Tone hilo limezungushiwa ukuta mgumu, na damu yake hupitia kwenye tundu dogo lililo kwenye ncha ya mzizi. Kidole kikivimba ngozi hutanuka, lakini palpi ikivimba haina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yake humwamsha mtu saa nane za usiku.

Jino ni gumu kama jiwe. Metali inafikaje huko ndani?

Enameli ni ngumu kweli. Dentini iliyo chini yake ina mirija midogo sana isiyoonekana kwa macho: takriban 20,000 kwa kila milimita ya mraba karibu na enameli, na zaidi ya 40,000 karibu na palpi, kwa sababu kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyosongamana. Kila mrija una majimaji. Chochote kinachoyeyuka juu kinaweza kuteremka.

Ziba la amalgamu, lile la rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Sehemu iliyobaki ni fedha, bati na shaba, na mara nyingine zinki kidogo. Likikaa miaka mingi kwenye mate, chumvi na asidi za chakula, huliwa polepole na kuachia ayoni, yaani chembe za metali zenye chaji ya umeme. Ukiona dentini iliyo chini ya ziba la zamani imekuwa ya kijivu au nyeusi, sehemu ya rangi hiyo imetokana na metali iliyohama. Zinki hutoka pia kwenye saruji za meno, na fedha hutoka kwenye dawa ya kupaka nitakayoieleza chini. Nikeli na kromu za kofia za meno na nyaya za kunyooshea meno huishia zaidi kwenye mate na ufizi.

Kipimo kinachoamua ni unene wa dentini iliyobaki. Ikibaki milimita mbili hivi, kinachopenya ni kidogo sana. Ikibaki nusu milimita, palpi iko karibu uso kwa uso na kilichowekwa juu yake.

Hizo protini za ulinzi ni zipi?

Tatu ndizo zinazotajwa zaidi: metalothioneini, protini za mshtuko wa joto na himu oksijenasi-1. Kando yake kuna supaoksidi dismutasi ya kwenye mitokondria, ambayo hupunguza makali ya oksijeni chokozi (aina za oksijeni zinazounguza seli), na feritini, inayofungia chuma. Glutathioni hutajwa pamoja nazo ingawa si protini kwa maana kamili, kwani ni kipande cha asidi amino tatu tu, yale matofali yanayojenga protini. Zipo pia defensini, ambazo kazi yake ni kutoboa bakteria, lakini hizo ni silaha za kushambulia na leo nazungumzia ngao.

Metalothioneini inafanyaje kazi?

Iligunduliwa mwaka 1957 na Margoshes na Vallee kwenye figo ya farasi, walipokuwa wakitafuta protini inayobeba kadimi, metali yenye sumu. Ni ndogo, ina asidi amino 61 hadi 68, na 20 kati ya hizo ni sisteini. Mwanafunzi wa biokemia akisikia hivyo anashtuka, kwa sababu ni nadra protini kuwa na sisteini nyingi namna hiyo. Kila sisteini ina salfa, na salfa hushika metali kwa nguvu. Molekuli moja hubeba ayoni saba za zinki au kadimi, na kwa shaba inaweza kufika hata 12.

Utamu uko kwenye mpangilio wa nani anampisha nani. Wakati wa amani metalothioneini hubeba zinki. Zinki inashikiliwa kwa nguvu ndogo kuliko kadimi, na kadimi kwa nguvu ndogo kuliko shaba, fedha na zebaki. Ifikirie kama daladala: abiria mzito akipanda, mwepesi anashushwa. Zebaki ikiingia, zinki inashuka. Zinki iliyoshushwa inashikwa na protini nyingine iitwayo MTF-1, ambayo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za metalothioneini. Yaani abiria aliyeshushwa ndiye anayekwenda kituoni kuita daladala zaidi. Seli haihitaji kuitambua zebaki kwa jina. Inatosha kuona zinki imezagaa.

Mimi huona huu ndio ufundi mzuri kuliko wote katika somo hili, na wanafunzi wakisahau mengine yote nawaomba wakumbuke huu.

Na protini za mshtuko wa joto? Jino linapata wapi joto?

Jina lenyewe ni la kihistoria. Katika utafiti alioutoa mwaka 1962, Ferruccio Ritossa wa Italia alikuwa akichunguza seli za tezi za mate za inzi wa matunda. Joto la kabati la kutunzia sampuli lilikuwa limepandishwa bila yeye kujua, naye akaona kromosomu zimevimba mahali ambapo hazikuwa zimevimba kabla. Jeni zilizowashwa pale ndizo zilizozipa protini hizi jina. Baadaye ikajulikana kwamba metali nzito, ukosefu wa oksijeni na sumu za bakteria huziamsha vilevile.

Kazi yake ni kushika mkono protini nyingine. Metali na oksijeni chokozi hukunjua protini za seli, na protini iliyokunjuka hunasana na wenzake kama tambi zilizopikwa bila kukorogwa. HSP70 na HSP90 huzishika zisinasane na kuzisaidia kujikunja upya, na zile zisizotengenezeka hupelekwa zikavunjwe. HSP27 husaidia kulinda mifupa ya ndani ya seli na kuchelewesha seli isijiue.

Joto halisi nalo lipo, hasa kwenye kiti cha daktari. Zach na Cohen mwaka 1965 walipasha moto meno ya nyani na wakaripoti kwamba ongezeko la nyuzi 5.5 za Selsiasi ndani ya palpi liliua palpi katika asilimia 15 ya meno hayo. Ni nyani, si binadamu, na idadi ilikuwa ndogo, lakini takwimu hiyo bado inafundishwa. Yale maji yanayokurukia usoni daktari anapotoboa jino hayapo kwa ajili ya usafi tu.

Himu oksijenasi-1 ina kazi gani?

Huvunja himu, ile sehemu ya damu yenye chuma. Umeshaiona kazi yake bila kujua: ukijigonga, wekundu wa damu iliyovilia hugeuka kijani, kisha manjano. Kijani hicho ni biliverdini, na manjano ni bilirubini inayofuata, ambayo yenyewe huzima oksijeni chokozi. Himu huru ni sumu kwa seli, kwa hiyo kuivunja ni ulinzi. Chuma kinachobaki hufungiwa ndani ya feritini, ghala lenye nafasi ya hadi atomi 4,500 hivi.

Seli za palpi huiwasha kupitia swichi iitwayo Nrf2. Kwa kawaida Nrf2 hushikiliwa na mlinzi wake, Keap1, na kuvunjwa kila mara. Keap1 nayo ina sisteini zinazohisi metali na oksijeni chokozi; zikiguswa, mlinzi analegea, Nrf2 inatoroka kwenda kwenye jeni. Hata kemikali za maziba meupe, hasa HEMA (kiungo cha plastiki yake) isiyoganda vizuri, humaliza glutathioni ya seli na kuwasha himu oksijenasi-1. Ziba kuwa jeupe si cheti cha upole.

Kwa nini watafiti huweka inflamesheni na metali pamoja? Si mambo mawili tofauti?

Hili ndilo swali. Inflamesheni ni ule uvimbe na mwako wa tishu inayojilinda. Katika kinywa cha mtu halisi hayatengani. Hakuna anayezibwa jino zima lisilo na tatizo. Ziba huwekwa juu ya palpi ambayo kwa miezi imekuwa ikionja sumu za bakteria kupitia mirija ya dentini. Metali inaikuta seli ikiwa tayari vitani.

Bakteria huacha vipande vya ukuta wao, kama lipopolisakaridi. Odontoblasti na faibroblasti za palpi zina kipokezi kinachovitambua, TLR4. Kikiguswa, swichi ya NF-kB inawaka, na seli inatoa saitokini, protini za kupeleka taarifa ya hatari: interleukini-1, interleukini-6, interleukini-8, TNF-alfa. Seli nyeupe za damu huitwa, zinamwaga oksijeni chokozi kuua bakteria, na seli za nyumbani zinaungua pamoja na wavamizi.

Sasa angalia. Interleukini-6 nayo huwasha jeni za metalothioneini kupitia njia yake, bila metali yoyote kuingia. Salfa zinazoshika zebaki ndizo hizohizo zinazozima oksijeni chokozi. Kwa hiyo ghala moja linahudumia wateja wawili. Inflamesheni ikitangulia kwa upole, ghala linakuwa limejazwa na metali inakuta ulinzi umesimama. Inflamesheni ikiwa kali na ya muda mrefu, salfa zinakuwa zimeshaunguzwa, na zinki iliyokuwa imeshikwa inaachiwa ovyo. Metali ikifika hapo inakuta milango wazi.

Kisha kuna jambo lililobadilisha mawazo ya wengi. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba nikeli hujishikiza moja kwa moja kwenye TLR4 ya binadamu, kwa kutumia histidini (asidi amino nyingine inayoshika metali) zilizopo kwenye kipokezi chetu. Yaani metali na bakteria wanabonyeza kengele ileile. Seli haisemi "hii ni waya ya jino, si bakteria". Inaitikia kama imevamiwa. Na TLR4 ya panya haina histidini hizo muhimu. Ukisoma utafiti unaosema nikeli ni salama kwa sababu panya hawakuvimba, una haki ya kukunja uso.

Basi metali kidogo ni nzuri, kwa sababu inaamsha ulinzi?

Katika sahani ya maabara, ndiyo, seli iliyoguswa kidogo leo hustahimili zaidi pigo la kesho. Hilo limejulikana tangu zamani kwa protini za mshtuko wa joto. Lakini ulinzi una gharama: seli inayotengeneza ngao inaacha kutengeneza dentini. Na dozi inayoamsha haiko mbali na dozi inayoua, hasa kwa kadimi na zebaki. Sijaona sababu ya mtu kulitafutia jino lake mazoezi ya namna hiyo.

Seli za majaribio mnazitoa wapi?

Kwenye meno yanayong'olewa kwa sababu nyingine: magego ya mwisho yasiyopata nafasi, au magego madogo yanayotolewa ili meno mengine yanyooshwe. Mgonjwa huombwa ridhaa. Jino hupasuliwa, palpi huvutwa nje, hukatwakatwa na kuwekwa kwenye sahani yenye virutubisho hadi seli zitambae na kuzaana. Baadhi ya sahani huwekewa lipopolisakaridi, nyingine chumvi ya metali, nyingine vyote viwili. Baada ya saa kadhaa hupimwa nakala za RNA, yaani maagizo ya jeni ya kutengeneza protini, na protini yenyewe kwa kutumia kingamwili. Vipimo hivyo viwili havikubaliani kila mara. RNA ikipanda haina maana protini imeshatoka jikoni.

Udhaifu wake ni dhahiri. Sahani haina mzunguko wa damu, haina kuta, haina dentini ya kuchuja. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha ISO 7405 kina kipimo cha kuweka kipande cha dentini kati ya kifaa na seli. Kobalti kloridi nayo ni mtego kwa msomaji wa haraka: mara nyingi huwekwa ili kuidanganya seli kwamba oksijeni imekwisha, si kwa sababu mtu yeyote ana kobalti ya namna hiyo kwenye jino.

Nina amalgamu tatu. Nizitoe?

Zikiwa nzima na jino haliumi, hapana. Kuzichimba hutoa, kwa muda mfupi, mvuke na vumbi la zebaki vingi kuliko zingetoa zikiachwa, na kila uchimbaji huipunguza dentini inayoilinda palpi. Hata mamlaka ya dawa ya Marekani, iliyoshauri mwaka 2020 kwamba wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye matatizo ya figo waepuke kuwekewa mpya, haikushauri kung'oa yaliyo mazima.

Mpya ni habari nyingine. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulianza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2022 ukaongezewa masharti kuhusu watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, na mwaka 2025 nchi wanachama zikakubaliana amalgamu ikome ifikapo 2034. Umoja wa Ulaya umeshaizuia tangu Januari 2025, isipokuwa pale daktari anapoona hakuna budi. Kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mradi wa majaribio wa kuipunguza tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Sababu kubwa ya haya yote ni zebaki inayoishia kwenye maji na samaki, zaidi ya hofu ya palpi yako.

Na mbadala upo, tena una mizizi hapa nyumbani. Njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno, siku hizi glasi ayonoma, bila umeme wala mashine ya kutoboa, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya Mholanzi Jo Frencken. Haitoi joto, haina zebaki, na huacha dentini nyingi mahali pake.

Mtoto wangu alipakwa dawa, uozo ukawa mweusi tii. Ni sumu?

Hiyo ni fedha diamini floraidi, kwa kawaida ya asilimia 38, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2021. Fedha huua bakteria na ndiyo inayoleta weusi. Floraidi hukaza dentini. Weusi wake ni dalili kwamba imeshika. Ila haiwekwi juu ya palpi iliyo wazi, wala kwenye jino linalouma lenyewe usiku, kwa sababu fedha iliyokolea ikigusa seli moja kwa moja huziua kabla ngao yoyote haijatengenezwa. Kwenye meno ya mbele ya mtoto anayecheka sana, weusi huo ni jambo la kuzungumza na mzazi kabla, si baada.

Karafuu je? Bibi aliweka karafuu na jino likatulia.

Bibi alikuwa na haki. Wangu, kule Pemba, alikuwa akiitafuna kwanza ndipo aitie kwenye toboo. Eujenoli ya karafuu hutuliza nyuzi za fahamu na kupunguza inflamesheni, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza ziba la muda. Ukikumbuka habari ya daladala, zinki inayotoka humo ni ileile inayoamsha metalothioneini. Kupitia dentini, mchanganyiko huo ni rafiki.

Mafuta yenyewe ya karafuu, yakimiminwa ndani ya toboo lililofika kwenye palpi, huunguza seli na ufizi. Na utulivu wake hauondoi uozo.

Nikimeza vidonge vya zinki, nitaongeza metalothioneini kwenye jino?

Zinki ya kumeza huongeza metalothioneini kwenye utumbo na ini. Kwenye palpi hakuna tiba ya namna hiyo. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia shaba isifyonzwe, kwa sababu metalothioneini ya utumbo huikamata shaba na kutoka nayo chooni. Kwa hiyo protini tunayoisifu hapa ndiyo itakayokusababishia upungufu.

Daktari anaweza kupima protini hizi kujua kama palpi yangu itapona?

Kliniki ya kawaida haina kipimo hicho. Daktari atagusa jino kwa kitu cha baridi, ataligonga, atapiga picha ya eksrei na kukuuliza maumivu hukaa muda gani. Maumivu ya baridi yanayokatika mara tu baridi ikiondoka huashiria palpi inayoweza kupona. Yanayobaki dakika kadhaa, au yanayokuja yenyewe, ni dalili kwamba ulinzi unazidiwa.

Jino liliuma wiki mbili mfululizo, kisha likanyamaza lenyewe. Limepona?

Mara nyingi palpi imekufa. Nyuzi za fahamu zimekufa pamoja na seli zilizokuwa zikijilinda, hivyo hakuna wa kulalamika. Bakteria sasa wana chumba chenye giza, joto na chakula, na hakuna damu ya kuleta kinga wala dawa. Ndiyo maana vidonge vya antibayotiki peke yake haviwafikii. Wataendelea kushuka kuelekea ncha ya mzizi, na baada ya wiki, miezi au hata miaka, kipele kidogo chenye usaha kinaweza kutokea kwenye ufizi. Nenda ukapimwe sasa, wakati bado kuna nafasi ya kusafisha mizizi na kulibakiza jino, na mwambie daktari tarehe maumivu yalipokoma.